Mwanangu Amenikatia Simu ya Mezani

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, ila nakuambia mapema kwamba sijutii. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, naishi Barking, mashariki mwa London, na mwanangu Evans na mkewe, na mwezi huu mkataba wetu wa intaneti ulipokwisha Evans ndiye aliyezungumza na kampuni kama kawaida, ingawa mkataba ni wa jina langu, akachagua intaneti ya kasi zaidi na kukataa kifurushi cha simu ya mezani bila kuniuliza, baadaye akaniambia nina simu nzuri ya mkononi aliyoninunulia mwenyewe na ya mezani ni ya wazee, nikamuuliza, "Kwani mimi ni nani?" akacheka.

Nina rafiki, Sushila, mzaliwa wa Mwanza, tulifanya kazi wodi moja miaka ishirini, sasa yuko Kilburn, upande wa pili wa London, na macho yake yamekwisha kabisa, na tangu mumewe Chaman afariki tunapigiana kila siku saa nne asubuhi tuongee Kiswahili, maana wanawe wanakielewa lakini humjibu Kiingereza, na namba yangu ya nyumbani ndiyo pekee anayoibonyeza kwa kupapasa bila kumwomba mtu. Basi Jumatatu laini ikafa, nikampigia kwa simu ya mkononi haikupita, kwa sababu bintiye Poonam aliizuia simu ya mama yake isipokee namba ngeni kwa kuogopa matapeli, naye Poonam alikuwa safarini, nikasema nitamngoja arudi, na siku ya nne kengele ya mlango ikalia, Evans akafungua akamkuta Sushila na fimbo yake, amelowa mvua, ametoka Kilburn hadi Barking kwa treni na kwa kuuliza watu, akamwambia mwanangu kwa utulivu, "Nimekuja kuuliza mama yako mmemzika lini."

Nilitoka jikoni nikamshika mikono, akanipapasa uso, akalia, nami nikalia.

Kesho yake nikaipigia kampuni mwenyewe, nikauvunja mkataba mpya, siku kumi na nne za kughairi zilikuwa hazijaisha, na wamesema namba yangu itarudi nikichagua kifurushi kabla ya Ijumaa ijayo: cha siku nzima, cha jioni na wikiendi tu, au kulipia kila simu ninayopiga. Evans amenuna, hataki kula nami, anasema nimemdhalilisha, na mkewe Jacqueline ananisihi niombe radhi ili nyumba itulie. Nimekataa. Je, nimekosea, na nichukue kifurushi kipi?

Winifrida, Barking

Dada Winifrida,

Hujakosea, na radhi usiombe. Simu yako, mkataba wako, rafiki yako.

Lakini nawe ubebe lako. Miaka yote umemwachia Evans akusemee, wewe uliyehudumia wodi miaka ishirini, kisha unashangaa akikuamulia. Na zile siku ulizokaa ukimngoja Poonam, treni ya kwenda Kilburn ilikuwepo na macho unayo. Asiyeona ndiye aliyekuja. Hilo likuume kidogo.

Sasa piga leo, usingoje Ijumaa. Chukua kifurushi cha siku nzima. Cha jioni na wikiendi hakikufai, kwa kuwa maongezi yenu ni ya asubuhi. Dai namba yako ileile, na wakuthibitishie kwa maandishi kabla hujakubali lolote. Simu za mezani za siku hizi hupitia kisanduku cha intaneti, umeme ukikatika nazo huzimika, kwa hiyo uliza kama wana betri ya akiba. Wakimaliza, waambie kuanzia sasa wazungumze nawe tu. Na Poonam aiingize namba yako ya mkononi kwenye simu ya mama yake, asikwepe.

Jacqueline mwambie kwa upole kwamba nyumba inayotulia kwa wewe kunyamaza haijatulia. Evans mpakulie chakula kama kawaida. Akinuna, anune, usimbembeleze, usimtukane.

Jumapili akupeleke Kilburn kwa gari. Akifika amwombe Sushila radhi, kwa Kiswahili. Akisema hakijui vizuri, kutoka Barking hadi Kilburn ni mbali, mfundishe njiani.