Ufunguo Uliokuwa Msumarini

Mwaka umezunguka, Baba Leonardi Burito, tangu ulipotutoka tarehe 14 Agosti 1987. Mpaka leo mama akisikia king'ora cha kinu cha pamba pale Bunda, huinuka kukuwekea chai.

Ulikuwaga unatupima miguu kwa kamba ya katani kabla ya kwenda mnadani kutununulia viatu. Hukukosea hata mara moja.

Kinuni ulikuwa fundi mkuu miaka kumi na moja. Ufunguo wa stoo uliutundika msumarini, nje ya mlango. Fundi achukue anachohitaji, aendelee na kazi. Aliyekuja kuomba ruhusa ulimcheka: "Na ndevu zote hizo, unaniomba nati?" Vifaa vilikuwa adimu kuliko sukari, lakini stoo yako haikuibiwa kitu.

Akaja meneja mpya na fomu zake. Beringi moja, sahihi tatu. Ufunguo akautia mfukoni. Ulimuuliza, "Ndugu Meneja, moto ukiwaka nao utajaza fomu?" Akakujibu, "Burito, hapa ni taratibu, siyo ukoo wenu."

Septemba 1986, beringi mbovu iliyongojea sahihi siku tisa ikawasha pamba. Mipira ya maji iko stoo, ufunguo uko mkutanoni Musoma. Ulivunja kufuli kwa nyundo. Kinu kikapona, na dada Wankyo, mfanyakazi mwenzako, ukamtoa mwenyewe nyuma ya marobota. Moshi ukabaki kifuani mwako.

Malipo yako yakawa barua: umefukuzwa kwa kuvunja kufuli bila kibali. Ulikufa nayo iko chini ya mto.

Sasa tunasikia meneja huyo anataka kusimama kwenye misa yako akusifu. Asome hapa, asije akasema hakujulishwa: aje na karatasi ya kuifuta barua ile. Sahihi moja tu, yake. Bila hiyo asikanyage kwetu Butiama.

Wankyo ametuletea ile nyundo. "Hii sikuijazia fomu," alisema. Tumeitundika mlangoni, kwenye msumari.

Mjukuu uliyeniacha naye tumboni anatambaa, Baba. Anaitwa Leonardi. Namwombea akikua apate mkubwa wa kazi atakayemwamini, kama ulivyowaamini wenzako.

Unakumbukwa na mkeo Ursula, wanao Rafaeli, Jenoveva na mimi Hyasinta, wajukuu, na mafundi wote wa zamu yako. Misa ni Jumapili tarehe 14, saa tatu asubuhi, Butiama. Wote mnakaribishwa, isipokuwa yule asiye na karatasi.

Hatutachoka kukukumbuka, Baba.