Jiwe la Mpaka Lililopikia Ugali Wetu

Kwako Nyanya,

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu wewe hukujua kusoma. Barua zako zote ulisomewa mbele ya majirani, na pakitokea jambo la siri ulikuwa ukisema, "Soma tu, wataambiana hata hivyo." Basi na hii wataisoma. Baadhi yao wamo humu ndani.

Ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Mimi bado niko Voi na duka langu la simiti na mabati. Kiuno kinaniuma, sukari haijapanda. Mwezi uliopita ndovu walivunja ua, wakala mahindi mistari saba, wakaenda zao Kasigau. Nimeanza na habari za nyumbani kwa sababu ndivyo ulivyotaka barua ianze. Sasa nije kwenye jambo lenyewe, yaani lile jiwe lako.

Wasiotufahamu niwaeleze. Jikoni kwa Nyanya kulikuwa na mafiga matatu, kama jiko lolote la kuni. Mawili yalikuwa mawe ya mlimani. La tatu lilikuwa nguzo ya simiti, fupi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na ubavuni lilichongwa namba 23. Lilizidiwa kimo na yale mengine, kwa hiyo sufuria ililalia upande huo maisha yangu yote, na ugali uliungua upande mmoja. Ule ukoko ulikuwa wangu. Ndugu zangu waliniita panya kwa sababu yake.

Nilipofika darasa la nne nilikuuliza, "Nyanya, mbona figa hili lina namba?" Ukasema, "Langu liko kazini. Hili linanishikia nafasi." Nikaona umeanza kuzeeka, nikaendelea kukwangua sufuria.

Ulikuja kunieleza nikiwa mama wa watoto wawili, siku tuliyokuwa tukipukuchua mbaazi. Kwamba ulikuwa umeolewa juzijuzi tu, mzungu wa mkonge akaja na watu wa kupima. Waliburuta mnyororo wao wakapitisha mpaka katikati ya shamba lako la viazi vitamu, bonde lote lenye maji likabaki kwake. Babu akaenda kulalamika kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa siku hizo. Akaambulia adhabu ya siku kumi na nne, kifungo cha kuchimba barabara.

Alipokuwa huko, wewe na jirani yako Mkawasi mlienda kuokota kuni mchana kweupe, mkang'oa namba 23. Ulilificha katikati ya mzigo wa kuni ukampita askari wa mzungu njiani, tena ukasimama kumwuliza kama watoto wake hawajambo. Kesho yake ukarudi na figa lako moja, ukalifukia kwenye lile shimo na kupanda kiazi juu yake, ili hata alama ya shimo isionekane. Mama mkwe wako hakukusemesha mwezi mzima. Kwetu mafiga anayowekewa bibi arusi hayatoki jikoni mwake mpaka afe.

Askari walipokuja kuuliza, wanawake wote mlikuwa na jibu moja, nyumba kwa nyumba: "Ni ndovu, bwana." Mwisho mzungu akaandika ndovu. Ulicheka ukinisimulia mpaka ukajifuta machozi kwa leso. Nami nilijivuna, nikawa nawahadithia wateja dukani.

Sasa hili hukulijua, na mimi sikulijua. Mzungu aliondoka. Shamba lake la mkonge likauzwa, likauzwa tena. Wenye shamba wa leo ni weusi kama sisi, wana magari meupe, na mwaka huu walikuja na wakili kudai kwamba namba 23 lilisimama juu, kule kwenye korongo. Kati ya korongo na shamba lako la viazi kuna nyumba kumi na moja, kanisa la mabati na kaburi lako. Mpaka ukiwa korongoni, sisi sote tunahama na wewe unabaki kwa watu. Yaani mzungu mwenyewe hakufika huko! Jiwe lake ndilo lingetutolea ushahidi, na nyinyi mlikuwa mmeling'oa.

Nilikukasirikia, Nyanya. Niliketi katikati ya mifuko ya simiti nikakukasirikia kweli.

Mpima ardhi wa serikali alikuja Jumanne moja, binti wa Nairobi mwenye buti na adabu. Chifu alikuwapo, wakili wa wenye shamba alikuwapo, na sisi tulijaa chini ya hema la kanisa. Kati ya waliomwona mzungu amebaki Mkawasi peke yake. Masikio yamechoka lakini macho yapo. Yule binti alichuchumaa mbele yake.

"Shosho, unakumbuka jiwe la mpaka lilikuwa wapi?"

Mkawasi aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa binti. "Sijui."

"Na ni nani aliliondoa?"

"Ni ndovu."

Watu wakaguna. Wakili akaandika. Nikainama sikioni pake nikamwambia, "Nyanya Mkawasi, huyu si mzungu. Sema tu." Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Nikisema watanifunga. Babu yako walimfunga kwa maneno matupu. Mimi niliiba jiwe."

Uhuru umeingia, marais wamepokezana, na yule mama alikuwa bado anamsubiri askari. Hasira yangu ikaishia pale. Nilimwonea huruma, nikakuonea na wewe, maana nilitambua kwamba kucheka kwako siku ile ya mbaazi kulikuwa na woga ndani yake.

Ikabidi niseme mimi. Nililitoa jiwe kwenye gari, nimelifunga kwa leso yako, nikaliweka mezani na masizi yake yote. Nikasema, "Aliyeliiba ni nyanya yangu, na ameshakufa. Kama ni kufunga, nifungeni mimi." Mpima akalifuta kwa kiganja, akaisoma namba. Wakili akasema jiwe lililo mezani halionyeshi liliposimama, hata lingeokotwa Miasenyi kando ya barabara. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Mkawasi alikuwa ananitazama. Alipoona hakuna aliyenigusa, aliinuka na mkongojo wake akatoka hemani bila kuaga. Tukamfuata, mwendo wake wa polepole, chifu mzima na wakili mzima. Alisimama kwenye viazi vyako vya zamani, ambapo siku hizi ni majani tu, akapiga mkongojo chini. "Chimbeni hapa."

Kabla jembe halijaingia nilimwambia mpima, "Mtakuta figa. Jiwe la jikoni, upande mmoja limeungua." Wakili akatabasamu. Walichimba hadi magotini. Likatoka, jeusi upande mmoja kama ulivyoliacha, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuinjika chungu. Mpima alilipiga picha, akapima, akaandika sana. Wakili aliacha kuandika.

Uamuzi umetoka wiki hii. Mpaka ni pale pale penu.

Walihitaji simiti, nikatoa mfuko mmoja dukani. Namba 23 limerudi shimoni mwake, na aliyelishindilia ni mimi, mjukuu wako, kwa mikono hii. Bonde lenye maji bado ni lao. Hilo halikuzungumzwa. Sikujua nishangilie au nikuombe radhi, kwa hiyo nilikoroga simiti.

Figa lako nililirudisha jikoni kwako. Mkawasi alikuja kulitazama likirudi mahali pake. Alilipapasa, akasema, "Kazi imeisha, mama," akaomba chai. Kisha nikasonga ugali, tukala sote wawili. Sufuria ilikaa sawa, haikulalia popote, na ugali uliiva pande zote vizuri sana. Mkawasi alipoondoka nilichukua kijiko nikakwangua chini ya sufuria, nikazunguka nayo mara mbili. Ukoko haukuwapo. Hapo ndipo nilipolia, Nyanya, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kaa kwako.

Mjukuu wako,
panya wa sufuria