Sarafu Iliyosuguliwa

Mdogo wangu kipenzi,

Huku hatujambo, ila bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, na jirani yetu fundi cherehani amepata mjukuu anayelia kama king'ora.

Ile sarafu ya marehemu baba, yenye sura iliyopigwa mara mbili kwa kosa, aina inayotafutwa na wakusanyaji, jana niliipeleka kwa mzee mnunuzi wa sarafu za kale kama tulivyokubaliana, ili mama afanyiwe upasuaji wa macho. Yule mzee aliipima uzito, akaiweka chini ya lenzi. Akasema kosa ni la kiwandani kweli, si nyundo ya mtu, nikashusha pumzi. Kisha akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Nani kaisugua?"

Ni mama, mdogo wangu. Alisikia naipeleka kwa mgeni, akaona aibu itoke nyumbani imefubaa, akaisugua kwa majivu na limau asubuhi nzima. Kumbe wakusanyaji wanautaka ule weusi wa miaka. Bila huo bei imeporomoka, haifiki hata robo ya gharama za hospitali. Nikairudisha mfukoni.

Basi itabidi tutafute njia nyingine, mimi na wewe. Na ukipiga simu, tafadhali, usimuulize mama habari za bei. Nilimkuta sebuleni ananisubiri, nikamwambia mnunuzi hakuwepo. Akaipokea sarafu, akaiinua dirishani penye jua. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani.

"Hii naiona, mwanangu," akasema. "Hii naiona kabisa."

Ni mimi dada yako.