Kadi ya Sitaki

Mwalimu Zuhura, shikamoo.

Najua huitikii tena, ila sijui kukuanza bila shikamoo. Ni mimi, mama Kadzo wa Kakuyuni. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Barani, na nina jambo limenikaa kooni.

Ile kadi ya SITAKI haikupotea. Niliificha mimi, mara zote mbili.

Unakumbuka ulivyozitengeneza? Ulikuja kwetu na simu yako ukapiga picha vitu vya Kadzo mwenyewe, kikombe chake cha bati, ndoo, kitanda, choo chetu cha makuti, mwisho ukajipiga na wewe mwenyewe. Ulisema mtoto mwenye usonji asiyesema, ambaye akili yake nayo inachelewa, hatajifunza kwa picha za nyumba za watu. Ukazitia plastiki, ukazitoboa, ukazitunga kwenye kamba aivae kiunoni, awe anampa mtu picha ya anachotaka kusema. Zote nilizipenda isipokuwa hiyo moja, yenye mkono unaosukuma bakuli. Siku ya kwanza Kadzo alimpa mama mkwe wangu, naye akaniuliza, "Mtoto wa miaka kumi amwambie mkubwa hataki? Ndiyo adabu wanayofundishwa huko?" Nilifadhaika, nikaitia chini ya godoro, nikakwambia imepotea. Labda ulijua, lakini hukunigombeza. Ulitengeneza nyingine, ukasema tu, "Mama Kadzo, asiyeruhusiwa kukataa, akikubali utamwaminije?" Nilidhani ni maneno ya watu waliosoma. Hiyo nayo nikaificha.

Baada ya mazishi nilirudisha moja kwenye kamba, kwa majuto tu. Asubuhi Kadzo akaitoa mbele ya uji wa maziwa. Kesho yake tena. Uji huo ndio tuliokuwa tukimshika watu wawili kumnywesha, akituuma, nasi tukisema ana mashetani, hata kwa mganga tulimpeleka. Siku ya tatu nikampikia wa ndimu. Akanywa, asimuume mtu, na tumbo halikumsokota. Miaka yote hiyo, Mwalimu, maziwa yalikuwa yakimuumiza mwanangu na mimi nikimziba pua. Nililia sana. Mama mkwe akasema, "Basi nami nifundishwe hizo picha." Wewe ungecheka, halafu ungemtolea kiti.

Juzi nilitaka kuiondoa picha yako, maana kila asubuhi shuleni Kadzo humpa mwalimu mpya, kisha hukaa mlangoni akingoja uje. Nikaanza kufungua fundo. Kadzo hakulia. Alipekua kamba polepole, akaniwekea SITAKI kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja.

Nikalikaza fundo.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sitalificha neno lake tena, hata likiwa la kunikataa mimi. Na picha yako itakaa kiunoni mwake mpaka siku atakayoitoa mwenyewe.