Kishale Kilichosogea Chenyewe

Newala, Jumapili

Dada yangu mpendwa Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Edson na watoto, na kwamba mvua za Bukoba hazijakuharibia maharage. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio hautulii, ndiyo maana nimemwomba Mwalimu Dina, anayekuja huko likizo, akufikishie barua hii mkononi.

Kazi yangu unaijua juu juu. Shirika letu huwaficha wanawake waliokimbia vipigo. Majalada yao hayakai Newala, yamo ndani ya kompyuta moja Dar es Salaam, nami huifikia kwa programu iliyo kwenye laptopu yangu. Nikiweka jina na nywila, skrini ya ile ya Dar inatokea mbele yangu, nasoma na kuandika kana kwamba iko mezani kwangu. Nikifunga, huku hakibaki kitu. Tuliambiwa huo ndio usalama wao.

Wiki iliyopita tulimpokea Mwanasha kutoka Masasi. Mumewe, Yassini, alimkata panga begani na ameapa kummaliza. Yassini ana malori ya korosho na watu wanamwogopa. Nilimpeleka Mwanasha kwa Mama Shamila, anayetuhifadhia wanawake hawa kule Mnyambe, nikaandika mahali hapo kwenye jalada lake. Sikumwambia mtu mwingine.

Jumatano asubuhi nilikuwa kazini, programu iko wazi. Nilitoa mikono kwenye laptopu ili ninywe chai, na kishale kwenye skrini kikaanza kusogea chenyewe. Kilishuka taratibu juu ya majina, kama kidole cha mtu anayesoma, kikasimama kwa Mwanasha. Jalada likafunguka. Dada, nilikaa nikimtazama mtu akisoma, simwoni wala sisikii pumzi zake. Nilifunga laptopu, kisha nikakumbuka kwamba kujitoa mimi hakumtoi yeye.

Nilimpigia Nathanaeli, fundi wetu wa kompyuta aliyeko Dar, nikamwambia azime kila kitu. Kisha nikachukua bodaboda mpaka Mnyambe, njia nzima nageuka nyuma. Tulimtoa Mwanasha kabla ya adhuhuri. Alikopelekwa sikuandikii hata wewe. Mchana uleule pikipiki mbili ziliingia kwa Mama Shamila, na wanaume wakapekua mpaka ghala la korosho, wakimuulizia Mwanasha kwa jina. Mama Shamila aliwajibu kwamba anaishi peke yake. Alinisimulia mwenyewe baadaye.

Ijumaa Nathanaeli alinieleza alichokikuta. Alisema hakuna mtu aliyevunja chochote. Aliyeingia alitumia jina langu na nywila yangu, kutoka kompyuta niliyowahi kuitumia zamani. Alinitajia jina la kompyuta hiyo. Ni laptopu yangu ya kwanza, ile niliyompa mume wangu, Humphrey, kwa ajili ya biashara yake ya korosho. Programu ilikuwa bado imo ndani, na nywila imehifadhiwa.

Nilijaribu kujiambia kwamba labda imeibwa. Nikarudi nyumbani, nikapika kama kawaida. Tukiwa tunakula, mume wangu, bila kuinua macho, akaniuliza kwa upole, "Mwanasha mmempeleka wapi?"

Dada, jina hilo sijawahi kulitaja ndani ya nyumba hii. Nilimjibu kwamba simjui mtu huyo. Akasema korosho zake zote zinabebwa na Yassini, na kwamba kuna watu mtu hawezi kuwakatalia. Naye anaogopa, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kesho nitatoka kama ninayekwenda kazini, na sitarudi. Mkuu wangu, Anjelina, ameshanitafutia mahali. Usinipigie simu. Humphrey akikupigia akasema mimi ni mgonjwa na ninakuita, usije, wala usimwambie kwamba umepata barua hii. Mimi nitakutafuta.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, umwambie tu kwamba kazi zimenibana. Wabusu watoto, na shemeji umsalimie sana.

Anjelina amenifungulia jalada langu, kama tunavyowafungulia wengine. Nimemwomba mahali nitakapokaa pasiandikwe.

Mdogo wako akupendaye,
Theodora