Nne Hapiti Mlango wa Pili

Halimah, wamemchukua Okullo. Kaka yangu! Sasa hivi, mchana, Nateete nzima inatazama.

Kosa lake ni hesabu. Unajua anavyojifunza ualimu kule Kyambogo: akirudi nyumbani anaandika kwa chaki kwenye mlango wetu, mimi nakaa kama mwanafunzi wake. Wanajeshi walikuwa wanapekua nyumba, wakaziona hizo hesabu. Mkubwa wao akauliza, "Hii siri ya nani?" Okullo akafungua mdomo, akala kibao. "Wewe nyamaza. Dada atasema."

Nikasema, Halimah. Nilidhani nikieleza vizuri watacheka, waende zao.

"Afande, ni namba tu. Kuna kanuni mbili za hesabu, tunaziita milango. Tatu anakataliwa mlango wa kwanza. Nne anapita wa kwanza, lakini akitoka amegeuka moja, na mlango wa pili haupokei moja. Kwa hiyo nne naye hafai tangu mwanzo."

"Anageuka?" Akamtazama mwenzake. "Unasikia? Anapita rodibloku ya kwanza pale barabarani, anabadilisha nguo. Huyo Nne iko wapi, dada?"

"Hayuko popote, afande. Ni namba."

"Wote wanasema hivyo."

Nikarudia. Nikarudia tena! Kila nilivyoeleza, ndivyo walivyokaza kamba waliyomfunga Okullo mikononi.

Walipompandisha garini akanigeukia, mdomo una damu. Akasema, "Akwero, umeeleza sawasawa."

Sawasawa, Halimah! Hilo tu. Hakusema nimkimbilie nani.