Baiskeli ya Studio na Mke wa Askari

Mpendwa Mshauri,
Naomba uniokoe na aibu hii. Mimi ni mpiga picha hapa Nakuru, na mwezi wa tatu alikuja Chepkemboi kutoka Njoro na mtoto mgongoni, akataka picha ya kumpelekea mumewe Kipkorir, askari aliyeko vitani nchi ya Malaya, ng'ambo ya bahari, ambaye hajamwona mtoto huyo tangu azaliwe, nami nikitaka picha ipendeze nikamsimamisha kando ya baiskeli yangu, nikaweka gramafoni, saa na maua ya karatasi, na nyuma pazia lililochorwa jumba la ghorofa, kama nifanyavyo kwa wateja wote, maana picha isiyo na vitu huonekana ya kimaskini, basi juzi amerudi analia, barua mkononi, Kipkorir anauliza baiskeli ni ya nani, amenunuliwa gramafoni na bwana gani, mtoto mwenyewe hakumwona vizuri, na asipopata jibu la maana, akirudi hatakanyaga kwake. Mama huyo akaniambia, "Wewe Achola, umeniharibia nyumba. Mimi nilikuja na mtoto tu. Hivyo vingine vyote ni vyako." Je, nimpige picha nyingine nzuri zaidi? Nina pazia jipya lenye motokaa.
Dalmas Achola, Nakuru

Ndugu Achola,
Pazia la motokaa! Sasa unataka aulize dereva ni nani?

Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini uliona mama na mtoto hawatoshi, na hapo ndipo ulipokosea. Askari aliye porini ng'ambo hana haja na saa yako. Alitaka kujua mtoto amechukua pua ya nani. Mtaka yote hukosa yote.

Leo hii mwandikie Kipkorir kwa mkono wako, ukiri kwamba vitu vyote ni vya studio. Tia na picha mbili tatu za wateja wengine walioshika baiskeli hiyo hiyo, ukishawaomba ruhusa. Kisha mwite Chepkemboi asubuhi, umtoe nje penye kivuli, mbele ya ukuta mtupu. Akae, ampakate mtoto. Tazama ndani ya kamera, na chochote ambacho Kipkorir hatakitafuta, kiondoe. Halafu sogea. Ukiona miguu yao, bado uko mbali. Usimwambie acheke, nyamaza, ngoja.

Fanya wiki hii. Mtoto hangoji vita viishe, na uso alio nao leo, baba yake hatauona popote ila katika picha hiyo.